Foreman wa 1973 na Tyson wa 1988 wakikutana ulingoni, nani analala?

Mwana wa Barakisi (mleta uzi)

Wakubwa, habari za jioni.

Jana kwa muuza rolekisi (chapati ya kuviringishia mayai) hapa Naguru, Kampala, watu wazima nusura washikane mashati kwa ajili ya pambano ambalo halikuwahi kuwepo. Mmoja anasema Mike Tyson wa 1988 angemlaza George Foreman wa 1973 kabla chapati haijageuzwa. Mwenzake anamjibu kwamba Foreman alimwangusha Joe Frazier mara 6, na Tyson ni Frazier aliyekatwa miguu, kwa hiyo mjadala umefungwa. Chapati yangu iliungua wakibishana. Nikaila hivyo hivyo.

Nimeleta suala hapa kwa sababu wote wawili walikuwa wanahesabu misuli. Hakuna aliyegusa kile ambacho mimi naona ndicho kinaamua: viganja vya Foreman, na mtu wa tatu aliyeko ulingoni.

Tukubaliane kwanza tunamleta nani. Foreman ni yule aliyemlaza Frazier Kingston, Jamaica, 22 Januari 1973, miaka 24, hajapoteza pambano. Msiniletee yule babu mwenye kipara wa miaka ya 90, huyo tutamjadili siku nyingine. Tyson ni yule wa Atlantic City, 27 Juni 1988, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 zikiwa zimebaki siku 3 atimize miaka 22. Raundi 12. Kanuni ya kusimamisha pambano mtu akianguka mara 3 kwenye raundi moja haipo, maana ingekuwepo Kingston Frazier asingeiona raundi ya 2.

Wengi wanadhani Foreman alikuwa jitu na Tyson kibonge. Kwenye mizani ni mapacha. Foreman alipima ratili 217 na nusu kwa Frazier, Tyson 218 na robo kwa Spinks. Wote ni kama kilo 99. Tofauti ni namna kilo hizo zilivyopangwa: Foreman amezinyoosha kwenye mwili wa zaidi ya sentimita 190, Tyson amezishindilia kwenye sentimita 178. Na ukipima mikono ikiwa imetandazwa, Foreman anamzidi kwa karibu sentimita 20.

Sasa viganja. Nilipokuwa na miaka 14 nilikuwa nafanya mazoezi kwenye jimu moja huku kwetu, jimu ya mabati, sakafu ya saruji iliyotandikwa zulia kuukuu. Mimi ni mfupi. Nilifundishwa kuinama, kuyumba, kuingia ndani na kupiga mbavu. Siku moja wakanipa kijana mrefu aliyetoka upande wa Nakawa. Kila nikiingia, kiganja cha glavu yake kinanikuta kwenye paji la uso. Haikuwa ngumi na haiumizi. Unasikia tu harufu ya ngozi iliyolowa jasho la watu kumi waliokutangulia, na shingo yako inasukumwa nyuma kidogo tu. Lakini miguu inasimama. Na ukishasimama mbele ya mtu mrefu, ile ya kulia ndiyo inafika. Nililala kwenye lile zulia mara mbili siku hiyo, na hadi leo nakumbuka kiganja kuliko konde lenyewe.

Tazameni tena Kingston mkiwa na hilo akilini. Watu wote wanatazama lile konde la kupanda kutoka chini lililomwangusha Frazier mara ya kwanza. Rudisheni nyuma kidogo. Kabla ya konde, Foreman anamshika Frazier mabegani kwa mikono miwili na kumsukuma, kama mtu anayerudisha mlango. Frazier anapoteza nafasi yake, anaanza tena kuingia akiwa ameinama, na kichwa kinakuja pale pale kilipotarajiwa. Tyson naye anaingia kwa kuinama.

Utabiri wangu: Foreman, raundi ya 2. Karibuni mnipige mawe.

Mtoto wa Kibanda

Mawe ndiyo haya.

Mimi Tyson nilimjulia kwenye kibanda cha video, benchi za mbao, watu sitini na feni moja, kanda imechakaa mpaka sura ya refa haionekani, na veejay anatafsiri hata mahali ambapo hakuna aliyesema neno. Spinks alipolala, veejay hakuwa amemaliza kumtambulisha. Kwa hiyo nina upendeleo, nakiri. Ila hoja ninazo.

Kwanza, Frazier wa Kingston hakuwa Frazier wa Machi 1971 aliyempiga Ali. Lile pambano lilimla. Pili, hata akiwa mzima, Frazier alikuwa na mkono mmoja: kushoto, konde la kuzungusha. Kulia kulikuwa kwa kubebea kijiko. Tena alikuwa mtu wa kupasha moto polepole, raundi ya 4 au ya 5 ndiyo anaanza kuwa hatari. Tyson ana mikono miwili, na anakuwa hatari kabla kengele haijaacha kulia.

Tatu, kichwa cha Frazier kilikuwa na wimbo: chini, juu, chini, juu. Ukiusikiliza unaukariri. Cha Tyson kinakwenda kulia, kushoto, chini, kisha kinasimama kidogo ukiwa umeshatupa ngumi yako hewani. Glavu ziko kwenye mashavu wakati wote. Hicho kiganja unachokisifu kitakuta nini? Kitakuta hewa, na mbavu za mwenye kiganja zitakuwa wazi.

Nne, mmesahau Ron Lyle, Januari 1976. Foreman alianguka mara mbili ndani ya raundi ya 4. Ndiyo, aliamka na akashinda raundi ya 5, namheshimu. Lakini Lyle hakuwa na kasi ya Tyson hata robo. Mtu anayeangushwa na Lyle, mbele ya Tyson atahitaji ramani ya kurudi kwenye kona yake.

Tyson, raundi ya 1. Ikichelewa sana, ya 3.

Rolekisi Mbili

Nyote mnajisumbua, jibu liko nyumbani. Februari 1982 Mustafa Wasajja wetu alipigania ubingwa wa dunia na Michael Spinks, akafika raundi ya 6. Spinks huyo huyo kwa Tyson alidumu sekunde 91. Raundi 5 kamili ni dakika 15. Kwa hiyo Wasajja anamzidi Tyson kama mara kumi hivi. Foreman aje apange foleni nyuma ya Mganda.

Naomba uzi ufungwe.

Mwana wa Barakisi

Rolekisi, umenichekesha mpaka abiria wa teksi wamenigeukia. Ila utani wako una maana kuliko unavyodhani. Umepindua hesabu makusudi, lakini hata hesabu iliyonyooka ya "fulani kampiga fulani aliyempiga fulani" inavunjika hapo hapo. Spinks aliyekutana na Wasajja alikuwa kwenye uzito wake wa kilo 79. Aliyekutana na Tyson alikuwa amejinenepesha. Jina moja, watu wawili.

Na ndiyo maana, Mtoto wa Kibanda, sisemi Tyson anapigwa kwa kuwa Frazier alipigwa. Nasema Tyson lazima apite pale pale Frazier alipopita. Hana mkono mrefu wa kupigia kutoka mbali. Njia yake ya kufika kazini ni moja, nayo inapita chini ya mikono ya Foreman.

Kuhusu konde la kupanda kumkuta Tyson akiwa ameinama, tazama Agosti 1987 na Tony Tucker. Raundi ya 1, Tucker, mrefu kuliko hata Foreman, anamchomeka moja kutoka chini na Tyson anarudi nyuma. Tucker hakuwa na mkono wa Foreman. Tyson akatulia, akashinda kwa pointi baada ya raundi 12. Sasa weka mkono wa Kingston kwenye konde lile lile.

Afande Mstaafu

Wanangu, nimesoma kimya tangu jana, naomba niseme.

Mlipoanza na 1973 mliruka mlango. Foreman alikuwa Mexico mwaka 1968, akachukua dhahabu ya uzito wa juu na kuzunguka ulingoni na kibendera chake cha Marekani. Michezo ile ile, Eridadi Mukwanga alileta fedha na Leo Rwabwogo shaba. Ndizo zilikuwa medali za kwanza kabisa za Uganda kwenye Olimpiki. Mukwanga uzito wa bantamu, Rwabwogo uzito wa inzi. Watu wadogo wale, ungewabeba wote wawili mgongoni. Sisi uzito wetu ni huo, mara nyingi hatuvuki wa kati. Ndiyo maana mkizungumza juu ya hawa majitu mnazungumza kama watu wanaotazama treni ikipita.

Nikiwa kijana kambini tulikuwa tunapigana kila Jumamosi, na Kiswahili changu hiki nimekipata huko pamoja na pua hii iliyopinda. Glavu zangu bado ziko kwenye sanduku. Asubuhi ya 30 Oktoba 1974 tulikaa kwenye redio, Foreman na Ali. Kinshasa walipigana alfajiri, saa kumi ya kwao, ili Marekani watazame usiku wao. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili, tunajiandaa kwa gwaride. Nusu ya kambi ilikuwa imeweka mishahara kwa Foreman. Mapambano 40, ushindi 40, kati ya hayo 37 mtu amelazwa. Nani angeweka kwa Ali? Raundi ya 8 Foreman akahesabiwa mpaka kumi. Gwaride la siku hiyo lilikuwa kama mazishi.

Ninalotaka kusema ni hili: namba za kulaza watu zinadanganya. John Mugabi wetu, Mnyama, fedha ya Moscow 1980, alifika kwa bingwa Marvin Hagler Machi 1986 akiwa na mapambano 25, na wote 25 hawakusikia kengele ya mwisho. Mtu wa namna hiyo hujui atafanya nini raundi ya 11 kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui. Hajawahi kufika. Alijitahidi, alimpa Hagler kazi ngumu, akalala ya 11. Foreman alikuwa karibu hivyo Kinshasa, miaka mitatu hakuwa amevuka raundi ya 5, mgeni ndani ya raundi zake mwenyewe.

Tyson ana siri moja ambayo vijana hawaisemi. Kabla ya ubingwa, 1986, James Tillis na Mitch Green walimfikisha raundi 10, mmoja mwezi wa tano akifuatwa na mwingine mwezi huo huo. Baadaye Tucker 12. Kwa hiyo Tyson barabara ndefu ameshaitembea. Likivuka raundi ya 5, mimi naweka kwa Tyson. Kabla ya hapo siweki senti.

Rolekisi Mbili

Afande, na Idi Amin? Si alikuwa bingwa wa nchi miaka karibu kumi? Mletee Tyson.

Afande Mstaafu

Alikuwa uzito wa juu mwepesi. Huyo aliyetaka vita vya 1978 viamuliwe ulingoni yeye na Nyerere, Ali awe refa? Mwalimu hakujibu kwa glavu, na unajua alijibu kwa kitu gani. Tuendelee na ngumi.

Dada wa Malaba

Habari zenu. Mimi nakaa dirishani kwenye duka la kubeti hapa mpakani, watu wananiletea pesa zao siku nzima, wengi wao wamewaza kwa moyo. Kwa hiyo naomba niulize kama mtu wa dirishani.

Mleta uzi ulisema "mtu wa tatu ulingoni" halafu ukamwacha nje. Refa ni nani? Kusukuma kwa viganja ni faulo, kwenye vitabu vyote. Ukinipa refa anayeruhusu, nalipa kidogo kwa Foreman. Ukinipa mkali, nabadilisha bei kabla hujafika mlangoni. Na Tyson naye si malaika. Kiwiko chake kinakujaga nyuma ya ngumi, na kichwa pia.

Mwana wa Barakisi

Dada, ndiye wewe niliyekuwa namngoja.

Kingston refa alikuwa Arthur Mercante, miongoni mwa waamuzi wakubwa wa zama zile. Foreman alisukuma, na hakukatwa pointi hata moja. Simlaumu. Raundi mbili zenye mtu anaanguka mara 6, utapata wapi nafasi ya kumkemea anayesukuma?

Upande wa pili mchukue Mills Lane. Machi 1987 alisimamia Tyson na James Smith, yule walimwita Mvunja Mifupa. Smith alihisi mikono ya Tyson mapema, akaamua kumkumbatia kama jamaa aliyerudi kutoka kyeyo, vibarua vya ughaibuni. Lane akamkata pointi. Smith akaendelea kukumbatia. Raundi 12 zikaisha hivyo, Tyson kashinda kwa mbali, ukumbi mzima unazomea.

Lakini angalieni Tyson anafanya nini akishikwa. Hafanyi kitu. Anasimama, anamngoja refa aje kuwaachanisha. Huyu mtu alijengwa na kocha wake Cus D'Amato kwa umbali mmoja, ule wa mkono uliokunjwa. Nje yake anatembea kuutafuta, ndani yake sana anangoja. Foreman hahitaji kumkumbatia raundi 12. Anahitaji kumsimamisha nusu sekunde, mara tatu au nne, na refa akienda kumwonya baada ya mara ya tatu, ya nne imeshapita.

Hapo ndipo nilipojenga utabiri wangu. Refa mkali anahitaji muda ili ukali wake ufanye kazi: onyo la kwanza, la pili, pointi. Pambano hili halina muda huo.

Mtoto wa Kibanda

Umeongea vizuri, ila umejifunga goli. Kama pambano halina muda, linamfaa nani? Anayefika kwanza! Kinshasa, raundi ya 1, Ali alikuwa anampiga Foreman mkono wa kulia moja kwa moja, bila hata kutanguliza kushoto. Kulia kwa moja kwa moja ndiyo ngumi inayosafiri mbali kuliko zote, na Foreman hakuiona. Anatanguliza mikono mbele kuzuia kama anafukuza nzi, katikati kuko wazi. Hiyo mikono ikiwa mbele kutafuta mabega ya Tyson, kidevu kinalindwa na nani?

Trevor Berbick alipigwa na Tyson konde moja, akaamka, akaanguka upande wa pili, akaamka, akaanguka tena. Moja! Na Berbick mwaka 1981 alikwenda raundi 15 na bingwa Larry Holmes, hakuwa maziwa.

Mwana wa Barakisi

Hoja ya kulia kwa Ali nakupa, ni kweli na inaniuma. Ila Ali alikuwa na urefu wa kumfikia Foreman akiwa amesimama wima, halafu anaondoka. Tyson akitupa kulia lazima aruke nayo ndani, na akishafika ndani haondoki. Anabaki pale kumalizia kazi, ndiyo tabia yake. Muulize Frank Bruno. Februari 1989, Bruno ameshaanguka mapema, lakini kabla raundi ya 1 haijaisha anampata Tyson na kushoto, na Tyson anayumba. Kwa sababu alibaki pale.

Dada wa Malaba

Nyie mnajua walikuwa kwenye bango moja? 16 Juni 1990, Las Vegas. Foreman alimlaza Adilson Rodrigues raundi ya 2, na Tyson akamlaza Henry Tillman raundi ya 1, usiku huo huo. Kaka yangu alikuwa na gazeti lenye picha zao, lilifungiwa sabuni mwishowe. Kila mtu alifikiri linalofuata ni wao wawili. Halikuja. Tungekuwa tumeshalipana pesa zamani.

Rolekisi Mbili

Tillman si ndiye aliyemzuia Tyson kwenda Olimpiki 1984? Alimpiga mara mbili kwenye ridhaa. Kwa hiyo kwa hesabu zangu...

Afande Mstaafu

Rolekisi, kaa chini.

Mtoto wa Kibanda

Afande nisaidie kitu kimoja. Mtu anayetoka kwenye uzito wa chini kama sisi, amepigana kambini, akiona mkono mrefu mbele yake anafanyaje? Maana mleta uzi analala kwenye zulia tangu miaka 14 na bado hajatuambia dawa.

Afande Mstaafu

Unaupiga huo mkono. Si mtu, mkono. Hapa juu ya kiwiko, kwenye nyama. Mara ya kwanza anacheka. Mara ya kumi haunyooki tena. Lakini ni kazi ya raundi nyingi, na nimesema tangu mwanzo kwamba sijui kama raundi zipo.

Mleta uzi, hilo jimu lako bado lipo? Kuliko kuandika, nenda katazame.

Mwana wa Barakisi

Nimekwenda, afande. Leo Jumamosi asubuhi.

Mabati yale yale, zulia limebadilishwa na turubai. Nilimweleza kocha wa sasa ubishi wetu, akadhani nimelewa, halafu akacheka na kuniita vijana wawili waliokuwa wanaruka kamba. Mmoja mrefu, mikono kama mwiko wa kusongea ugali wa shule. Mwingine mfupi, kifua kipana, hasemi. Nikamwambia mrefu: leo una ruhusa ya kusukuma kwa kiganja. Mfupi nikamwambia: wewe ingia tu unavyojua. Raundi 3, dakika mbili mbili, kofia za kichwani, hakuna anayempasua mwenzake.

Raundi ya 1 nilijiona nabii. Kiganja kwenye paji la uso, mfupi anasimama, kulia kunamgonga kofia. Mara nne, tano. Kila akisimamishwa anatazama upande wa kocha, kama Tyson anavyomngoja refa. Niliitoa simu nirekodi ushahidi wa kuwaletea.

Raundi ya 2 mfupi akaacha kutafuta kichwa. Hakuna aliyemwambia, nimeapa. Kiganja kikija, haendi nyuma wala mbele, anashuka chini yake na kupiga pale ambapo afande amesema, juu ya kiwiko, halafu mbavu zilizoachwa wazi. Sauti yake si ile ya glavu kwenye kofia. Ni nzito, kama mtu anayepiga godoro kulitoa vumbi. Mrefu akaanza kuurudisha mkono mapema. Mara moja akaurudisha mapema mno, na kushoto kwa mfupi kukapita juu ya bega lake. Hakuanguka, alikaa kwenye kamba.

Raundi ya 3 ndiyo imenichanganya. Mrefu, mkono ukiwa umechoka, akaacha kusukuma na kuanza kumlalia mfupi kwa uzito wake wote, mabega juu ya shingo. Mfupi akachoka kubeba. Wakati anajinasua, akainuka wima kidogo, kosa moja tu, na konde la kupanda likamkuta kifuani. Lingekuwa la Foreman, lingekuwa kidevuni. Kocha akapuliza filimbi: "Toa kiganja! Toa! Nani amewafundisha upuuzi huu?" Wote watatu wakanitazama mimi.

Simu ilikuwa imejaa, haikurekodi kitu.

Kwa hiyo nabadilisha. Raundi ya 2 naiondoa, nilikuwa na haraka. Naona Tyson anamwangusha Foreman mara moja, mwisho wa raundi ya 1 au mwanzo wa ya 2, kwa kushoto kunakopita juu ya mkono uliorudi mapema. Foreman anaamka, kama alivyoamka kwa Lyle. Mchezo wa viganja unarudi, sasa kwa hasira, na Tyson anaingia kumaliza kazi kwa papara za mtu aliyezoea kumaliza. Foreman, raundi ya 4, konde la kupanda, Tyson akiwa anatoka kwenye kulaliwa.

Mtoto wa Kibanda

Kwa hiyo umekiri Foreman anaanguka. Nimeridhika kwa leo. Nabaki na Tyson raundi ya 3, nimeisogeza kutoka ya 1 kwa heshima ya huyo mrefu.

Dada wa Malaba

Refa mkali, Tyson. Refa mpole, Foreman. Dirisha langu linafungwa saa mbili usiku.

Afande Mstaafu

Huyo mfupi aliyegundua mkono bila kuambiwa. Ana kilo ngapi?

Mwana wa Barakisi

60, afande. Anapigana na glavu za kuazima, ya kushoto imechanika kwenye kidole gumba. Nilimtajia lile sanduku lako. Anauliza kama unakaa mbali.